Kunyamaza na Ushahidi wa Uongo



Mara nyingi walimu wetu wametuuliza neno hili: Serikali ikimtaka mgeni aliyekaa kwetu miaka mingi aondoke nchini, je, yatupasa kumsemea, au yatupasa kunyamaza kwa kuwa mambo ya mipaka na vibali si kazi ya kanisa? Swali hili si la kujibiwa kwa haraka, maana lina pande mbili, na kila upande una neno la haki ndani yake. Twataka kulitazama polepole. Wala hatutaficha ya kuwa sisi wenyewe tuliwahi kulijibu vibaya.

Tulipokuwa tukitumika katika usharika mmoja wa migombani, juu ya Moshi, alikuwako mtu mmoja mzaliwa wa Burundi. Alivushwa mpaka na mjomba wake alipokuwa mtoto, katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Hawakukaa kambini, bali walizunguka wakitafuta vibarua hata wakafika mlimani. Mtu huyo alipalilia kahawa za watu, alikata majani ya ng'ombe, na siku za zamu alizibua mfereji pamoja na vijana wa ukoo. Tulipojenga ukumbi wa kanisa alibeba mawe kutoka mtoni, wala hakudai ujira. Akamwoa binti wa pale pale; ndoa yao tuliifungisha sisi, na watoto wao watatu tukawabatiza.

Ikafika siku maofisa walipokuja kukagua vibali, naye hakuwa na kibali. Alipokwisha kuchukuliwa, mkewe alikuja kwetu alfajiri kuomba barua ya kumtambulisha. Tulimwambia angoje, ili tuulize kwanza kama jambo hili linafaa. Tukauliza huku na huku, na wengine wakatuonya tusiliingize kanisa katika mambo ya uhamiaji. Siku ya nne tukapata habari ya kuwa amekwisha kupelekwa mpakani. Vitabu vya ndoa na vya ubatizo vilikuwa kabatini siku zote nne, na jina lake limeandikwa humo kwa mkono wetu.

Hatusemi ya kwamba barua ile ingalimwokoa. Huenda isingalimfaa kitu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimfungulia mwanamke mgeni aliyeolewa na raia njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake, bali mwanamume mgeni aliyeoa raia haikumfungulia njia hiyo. Lakini hilo silo linalotusumbua usiku. Linalotusumbua ni hili: waliotakiwa kuamua habari zake walikuwa hawamjui, na sisi tuliomjua hatukusema neno.

Kila mtoto wa kipaimara kwetu amejifunza amri ya nane, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Tena amejifunza maelezo yake katika Katekisimo Ndogo, ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529. Wenye kukumbuka watakumbuka ya kuwa Luther hakuridhika kueleza tu mabaya ambayo ulimi wetu usimtende jirani. Aliongeza mema ambayo ulimi huo huo wapasa kumtendea, yaani kusimama upande wake na kulilinda jina lake. Basi kwa mafundisho yetu wenyewe, mtu hajaitimiza amri hii kwa kufunga kinywa.

Tumezoea kudhani ya kuwa shahidi wa uongo ni yule asemaye lisilokuwako. Lakini tufikiri habari ya baraza la wazee. Watu wawili wanagombea mpaka wa kihamba. Yuko mzee mmoja aliyekuwapo siku masale yalipopandwa, naye ajua hakika mpaka ulipopita. Wazee wauliza, Nani ajuaye? Yeye atazama chini, kwa kuwa hataki kuchukiwa na mwenye nguvu. Basi baraza laamua, na asiye na kosa anyang'anywa migomba yake. Je, mzee huyu amesema uongo? Hakusema neno hata moja. Hata hivyo hakuna mtu mlimani atakayesema ya kuwa mikono yake ni safi. Baraza liliamini ya kwamba hakuna ajuaye, na imani hiyo ya uongo aliijenga yeye kwa kunyamaza kwake.

Twaona ndivyo ilivyo kwa mgeni anayetakiwa kuondoka. Ofisa ana karatasi mbele yake, na karatasi yasema ya kuwa mtu huyu hana kibali. Ni kweli. Lakini karatasi haisemi ya kuwa amekaa miaka ishirini, wala ya kuwa ana mke na watoto walio raia, wala ya kuwa hakuna jirani aliyewahi kumshitaki. Hayo nayo ni kweli, na wenye kuyajua ni jirani zake. Wasipoyasema, shauri laamuliwa kwa nusu ya kweli.

Watu husema, Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Wengi hutumia mithali hii kuwaonya wageni wavivu. Lakini mwenye kumpa mgeni jembe amekubali neno kubwa kuliko anavyodhani, maana jembe si la kula na kuondoka. Atakayelima ataotesha, naye atakayeotesha atangoja mavuno. Je, baada ya mavuno ishirini bado twamwita mgeni wa siku ya tatu?

Nchi yetu ilipata kulijibu swali hili kwa heshima kuu. Mwaka 1964 shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi, lijulikanalo kwa jina la TCRS, lilianzishwa hapa na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, likishirikiana na Serikali na Umoja wa Mataifa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia wakimbizi kupata ardhi ya kulima, visima na shule. Mwezi wa Mei 1979 mataifa ya Afrika yalikutana Arusha, karibu na sisi hapa, kushauriana habari za wakimbizi wa bara hili. Mwaka 1980 Serikali ilitoa uraia kwa Wanyarwanda wapatao 36,000. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa medali ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa wenye kuwatendea wema wakimbizi.

Kadhalika wako Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, waliopewa mapori ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliyafyeka, wakalima hata wakajilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 2007 walipoulizwa wataka nini, karibu wanne katika kila watano walisema wataka kukaa. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia. Walakini jambo lao lilikwama, maana ilitakiwa kwanza watawanyike mikoani, waache mashamba waliyoyafyeka, nao wenyeji wa mikoa hiyo hawakuwa tayari kuwapokea. Ndipo tangu mwaka 2014 wakaanza kupewa hati zao. Miaka hiyo minne walikuwa si Warundi tena wala si Watanzania bado.

Lakini imekuwako miaka ya namna nyingine pia. Mwezi wa Desemba 1996 Wanyarwanda karibu nusu milioni walirudishwa kwao kwa amri, na askari wakawasindikiza. Mwishoni mwa mwaka 2012 kambi ya Mtabila, katika mkoa wa Kigoma, ilifungwa, na Warundi zaidi ya 30,000 wakarejeshwa. Mwezi wa Julai 2013 ilitolewa amri ya kwamba wahamiaji wote wasio na vibali katika mkoa wa Kagera waondoke katika muda wa majuma mawili, na mwezi wa Septemba ikafuata ile iliyoitwa Operesheni Kimbunga. Katika maelfu waliovuka mpaka mwaka ule, wengine walikuwa wamekaa nchini tangu ujana wao; na nyumba nyingine ziligawanyika, mume ng'ambo hii, mke ng'ambo ile, na ng'ombe wakabaki bila mchungaji.

Hatusimulii haya ili kuishitaki Serikali. Anayetawala ana mzigo ambao sisi hatuubebi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika mchana na usiku mmoja, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Ni nyumba gani iwezayo kupokea wageni wengi hivyo isitikisike? Misitu ilikatwa, visima vikakauka, na wenye silaha wakajificha katikati ya wasio na hatia. Twataka kusema neno moja tu: amri inayotolewa kwa ajili ya watu wengi haiwezi kumtazama kila mtu usoni. Kwa hiyo yatakiwa wawepo watu wengine wa kumtazama, na kusema yale waliyoyaona.

Sasa twajua ya kuwa wasomaji wetu wana mambo ya kutujibu.

Kwanza, mtu atasema, Mtume Paulo ametufundisha kuzitii mamlaka. Je, kumsemea aliyeamriwa kuondoka si kuasi? Twajibu, La. Kuasi ni kumficha mtu darini na kumdanganya ofisa, au kumwandikia cheti cha kuzaliwa kisicho cha kweli. Hayo hatuyashauri, maana huwezi kuitimiza amri ya nane kwa kuivunja. Bali anayekwenda mchana ofisini, akasema, Bwana mkubwa, mtu huyu namjua, na hivi ndivyo nimjuavyo, huyo ameiheshimu mamlaka kuliko anyamazaye. Ameifanya iweze kuamua kwa haki. Boazi alipotaka kumtendea haki Ruthu Mmoabi hakufanya kwa siri. Alikwenda langoni, akaketi, akawaita wazee kumi, na jambo la mwanamke mgeni likanenwa mbele ya mashahidi.

Tena sisi wa kanisa hili tusisahau tulikotoka. Habari Njema ililetwa Machame mwaka 1893 na wageni, watu wa Leipzig. Baada ya vita vya 1914 hata 1918, Waingereza waliwaondoa wamisionari hao mwaka 1920, kwa kuwa walikuwa Wajerumani. Miongoni mwao alikuwamo Bruno Gutmann wa Moshi, ambaye hakuruhusiwa kurudi ila baada ya miaka kadhaa. Baba zetu walioachiwa sharika walijifunza wakati ule ya kuwa mtu aweza kuondolewa si kwa ajili ya tendo lake, bali kwa ajili ya jina la nchi yake.

Pili, mtu atasema, Ardhi imekwisha. Vihamba vyetu vimegawanywa baba kwa mwana hata havitoshi kaburi na mgomba. Je, tumwachie mgeni mahali pa watoto wetu? Neno hili ni zito, wala hatulidharau. Lakini tuseme kweli: vihamba vyetu havikupunguzwa na Mrundi. Vimepunguzwa na wingi wetu wenyewe. Tena kumshuhudia mtu si kumpa kihamba. Twaweza kusema kwa moyo mweupe, Mtu huyu ni mwema, naye hana ardhi kwetu, bali ana kazi na ana familia. Mwenye kunyamaza kwa kuogopea shamba lake na akiri moyoni ya kuwa sababu yake ni shamba, asiseme ni utii.

Tatu, mtu atasema, Na kama mgeni huyo ni mhalifu? Hapa twataka kuwaonyesha jambo la mbali. Huko Marekani, tangu mwaka 1975, walipokewa watu zaidi ya milioni moja waliokimbia vita na mateso ya Vietnam, Laos na Kambodia. Watoto wao walikulia katika mitaa maskini ya miji, na baadhi yao walianguka katika makosa, wakafungwa, wakamaliza kifungo, wakaoa na kufanya kazi. Kisha, kwa sheria zilizotungwa mwaka 1996, makosa yale ya zamani yakawa sababu ya kuwaondoa nchini. Mwaka 2002 Kambodia ilikubali kuwapokea waliorudishwa. Wengine wao walizaliwa katika kambi za Thailand, wala hawakuwahi kuikanyaga Kambodia hata siku moja. Ndipo jamaa zao, majirani na watu wa dini mbalimbali wakasimama kuwasemea. Hawakusema ya kuwa watu hawa hawakukosa. Walisema: alikosa, akaadhibiwa, na sasa ni baba wa watoto hawa; je, aadhibiwe mara ya pili, na watoto pamoja naye? Wengine walisamehewa na magavana, wakapata kukaa. Wengine hawakusamehewa.

Basi ushahidi wa kweli hauna budi kutaja na kosa. Shahidi anayeficha kosa la rafiki yake hataaminiwa atakapotaja wema wake. Lakini kosa si mtu mzima. Sisi tuungamao dhambi kila Jumapili ndio tunaopaswa kulijua hilo kuliko wote.

Labda mwingine atauliza, Je, kusema kwasaidia? Wakati mwingine kwasaidia. Wamakonde waliotoka Msumbiji kwenda Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa walikaa Kwale miaka mingi bila uraia, wala watoto wao, wala wajukuu. Mwezi wa Oktoba 2016 watu kama mia tatu waliondoka Kwale kwa miguu, wakifuatana na watetezi wao, wakaenda Nairobi mpaka Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwezi wa Desemba 2020 Kenya ilitangaza kuwapa uraia Washona 1,670, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe kuja kuhubiri. Watu hawa walikuwako siku zote. Kilichogeuka ni kwamba habari zao zilisemwa, zikasikiwa.

Wakati mwingine hakusaidii upesi. Jirani zetu Wameru hawakuwa wageni kwa mtu, hata hivyo mwezi wa Novemba 1951 watu kama 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zao zikateketezwa, ili nchi ile wapewe walowezi wafugao ng'ombe. Wameru walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa wakili hapa Moshi. Hawakurudishiwa nchi yao mara ile. Lakini baada ya siku ile hakuna aliyeweza kusema ya kwamba hakujua. Tuone tena ya kuwa aliyewasaidia Wameru alikuwa mgeni katika nchi hii.

Kwa hiyo twawashauri walimu na wazee wa sharika mambo haya.

Andikeni vitabu vya kanisa kwa uangalifu: jina, siku, mahali, wazazi na mashahidi. Siku moja mstari mmoja wa kitabu cha ubatizo waweza kuwa ndio ushahidi pekee wa kuwa mtoto alizaliwa mahali fulani na kwa mama fulani.

Mjue mgeni aliye katika mtaa wenu kabla shida haijampata. Mwulizeni kama ana kibali, na kama hana, mfuataneni naye mapema kwenda kuuliza njia iliyo halali. Wengi hawaendi kwa kuwa wanaogopa kwenda peke yao.

Mkiombwa ushahidi, andikeni siku ile ile. Andikeni mnalolijua tu, msizidishe wala msipunguze, na mtie sahihi majina yenu.

Na akiondolewa, msiwasahau walioachwa. Mke wa aliyefukuzwa ni mjane ambaye hana kaburi la kulilia, na mara nyingi watu humkwepa kana kwamba ndiye aliyekosa.

Sisi watu wa mlima twapanda masale kuonyesha mpaka wa kihamba. Tena mtu aliyemkosea mwenzake hukata jani la isale hilo hilo, akampelekea kuomba amani, na mwenye kupelekewa haifai akatae. Mababa zetu hawakuona kinyume chochote katika hayo. Mmea mmoja ulilinda mpaka na kuleta msamaha, na watu wakaishi kwa yote mawili. Hatuombi mpaka ung'olewe. Twaomba palipo na mpaka pasikose mtu wa kulibeba jani.

Yule mama bado yuko usharikani. Jumapili huketi upande wa kushoto pamoja na watoto wake, na wa kwanza yu karibu kupata kipaimara. Hakutulaumu hata mara moja. Mwaka jana mtoto huyo alipokuwa akisoma amri ya nane pamoja na maelezo yake mbele yetu, hakukosea neno. Tulimwambia amejibu vema, kisha tulimwendea mama yake, tukamwomba radhi kwa ajili ya siku zile nne, na tukamwandikia ile barua. Twaituma pamoja na maombi ya mumewe kila anapojaribu kuomba kibali cha kurudi. Mpaka tunapoandika haya hajapata jibu.

Mungu awape ninyi kusema mapema kuliko sisi. Amina.